Upepo Kidogo, Cheni Safi: Baiskeli ya Mbio kwenye Rafu Rodi

Baiskeli za mbio zinazoshuka kwenye makontena ya mitumba zilitengenezwa kwa ajili ya lami. Tairi zake ni nyembamba, usukani umejikunja, gia zimepangana karibu karibu. Mtu wa Mwanza, Singida au Arusha anainunua, na wiki hiyohiyo anaiingiza kwenye barabara ambayo aliyeichora hakuiwazia: lami kidogo, kisha kifusi, kisha mchanga, kisha kokoto ambazo mkandarasi alizimwaga akaondoka kabla ya kushindilia. Baada ya miezi michache rimu imepinda, gia zinaruka, mikono inakufa ganzi, na mwenye baiskeli anatangaza kwamba hizi baiskeli hazifai huku.

Zinafaa. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunalinda vitu kwa mpangilio uliogeuzwa. Tunabana matumizi kwenye tairi, na rimu inalipa. Tunaichelewesha cheni, na sproketi zinalipa. Ushauri wangu wote hapa chini unasimama juu ya jambo moja: kile cha bei ndogo kiachwe kichakae, na kibadilishwe mapema, ili cha bei kubwa kipone. Na cha bei ndogo kuliko vyote ni upepo, ambao ni bure.

Ukienda kwa fundi wa pancha, atapiga pampu, atabonyeza tairi kwa dole gumba, atapiga tena mpaka dole lisiingie kabisa. Hapo ndipo mteja anaporidhika. Tairi gumu kweli linateleza vizuri kwenye lami iliyonyooka, lakini likikutana na jiwe halilimezi. Linaruka juu yake, na linaporuka linakunyanyua wewe na baiskeli nzima. Nguvu ya kunyanyua hutoka kwenye miguu yako, kisha inapotea ndani ya mwili unaotikisika. Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly la Marekani, alilipima jambo hili kwa kuendesha juu ya rasta za pembeni mwa barabara kuu akiwa na kifaa cha kupimia nguvu ya miguu, akaona kwamba mtikisiko peke yake unakula nguvu nyingi ajabu. Huna haja ya kifaa chake. Tafuta rasta zilizo mahali salama, zipite na tairi likiwa gumu, punguza upepo, zipite tena.

Kiasi gani sasa? Kwa mtu wa kilo 70 hivi asiye na mzigo, kwenye vumbi, ningeanzia hapa: tairi la milimita 28, psi 65 hadi 75, la milimita 32, psi 50 hadi 55, la milimita 38 au 40 lenye tyubu, psi 35 hadi 45. La nyuma lizidi la mbele kwa psi tatu hadi tano, kwa sababu uzito mwingi umelala nyuma. Ukiwa mzito zaidi au umebeba mzigo, panda. Ukiwa mwepesi, shuka. Mpaka wa chini utaujua kwa sikio: ukisikia rimu ikigonga jiwe, umeshuka kupita kiasi, na pancha yake huwa na matundu mawili yaliyokaa sambamba, moja kila upande, pale tyubu ilipobanwa kati ya jiwe na kingo za rimu. Ukiona matundu pacha usimlaumu aliyekuuzia tyubu. Ongeza psi tano.

Nunua pampu yenye saa ya kupimia. Ni kifaa kitakachokurudishia fedha yako mapema kuliko chochote kingine katika mchezo huu, na nasema hivyo nikijua bei za kofia na viatu.

Wanaoona tairi pana ni ushamba waitazame Paris–Roubaix, mashindano ya Ufaransa yaliyoanza mwaka 1896, ambayo hupita zaidi ya kilomita 50 za mawe ya kale yasiyo na huruma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu zilijaribu foku zenye springi, na Gilbert Duclos-Lassalle akashinda nazo mara mbili, 1992 na 1993. Foku hizo zilikuja kuachwa. Kilichobaki ni tairi kunenepa mwaka hadi mwaka, na leo milimita 30 au zaidi ni jambo la kawaida pale, kwa watu wanaolipwa wawe na kasi. Karibu na kwetu, mashindano ya dunia ya Kigali ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, yaliwapandisha waendeshaji mlima Kimihurura uliotandikwa mawe, mzunguko baada ya mzunguko, hadi Tadej Pogačar alipobaki peke yake mbele.

Kabla hujakimbilia tairi pana, pima nafasi. Kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na foku, pawe na walau milimita nne kila upande. Kokoto ndogo ikinasa hapo huchuna fremu, na rimu ikiyumba kidogo tairi huanza kusaga chuma. Fremu nyingi za zamani za mbio hukomea milimita 25 au 28. Fremu ikikataa, usilazimishe. Nunua tairi bora la upana unaokubalika na uendeshe taratibu zaidi.

Hapa kuna mtego unaowala wengi dukani. Nilikuwa kwa muuza vipuri kijana mmoja alipoingia.

"Shikamoo mzee. Naomba tairi saizi 28."

"Marahaba. Ya Phoenix au ya gia?"

"Si zote 28?"

Mzee hakujibu. Alitoa tairi mbili akazilaza juu ya kaunta, moja juu ya nyingine, na ya chini ikachungulia pande zote.

Zote huitwa 28, lakini namba ya kuamini ni ile ndogo iliyochapwa ubavuni. Baiskeli nyeusi za Kichina na Kihindi, zile za kubebea mkaa na maji, huwa na 635. Baiskeli za mbio zina 622. Hizo ni milimita za kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Tofauti ya milimita 13 inatosha kulifanya tairi lichomoke ukiwa kwenye mteremko. Ukiona 28-622, maana yake ni upana wa milimita 28 kwa rimu ya 622. Iandike namba ya rimu yako kwenye simu, na kila ukienda dukani isome ubavuni kabla hujatoa hela.

Kuhusu miiba sina mengi. Miiba ya migunga haichagui. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi zima, polepole, maana mwiba uliobaki utaitoboa tyubu mpya kabla hujafika nyumbani. Tairi zisizo na tyubu, zinazomiminiwa dawa ya kuziba, ni nzuri sana kwa nchi ya miiba ikiwa rimu zako zimetengenezwa kwa ajili hiyo na dawa unaipata. Dawa hukauka baada ya miezi michache, na kwa joto letu hukauka upesi zaidi, kwa hiyo ongeza.

Tuje kwenye kuendesha. Kinachowatesa wengi ni ile mikunjo ya mfululizo inayofanya barabara ya vumbi ifanane na bati. Watu hulaumu malori. Malori yana sehemu yao, lakini mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha kwa gurudumu dogo lililokokotwa juu ya mchanga kwamba mikunjo hujitengeneza yenyewe mara gurudumu linapovuka kasi fulani. Kwa hiyo greda ikipita leo, bati litarudi. Nawe utajifunza kuishi nalo.

Tafuta ukingo. Mikunjo huwa mirefu pale magurudumu ya magari yanapopita na hupungua kuelekea pembeni, ila pembeni kuna mchanga uliorushwa, hivyo mara nyingi njia nzuri ni ule ukanda mwembamba kati ya viwili hivyo. Panda gia nzito kidogo kuliko ambayo ungeitumia kwenye lami, ili mguu uwe na kitu cha kusukuma na uzito wako uhamie kwenye pedali badala ya kulala juu ya kiti. Viwiko vilegee. Vidole vizunguke usukani bila kuukaba. Anayeukaba usukani hupeleka kila pigo moja kwa moja mabegani, na baada ya saa moja vidole viwili vya mwisho hufa ganzi. Kanda ya pili ya usukani juu ya ile ya kwanza husaidia, ila mkono uliolegea husaidia zaidi.

Kwenye mchanga mwingi, sheria ni kutokatiza. Punguza gia kabla hujaingia, sogeza makalio nyuma kidogo, endelea kuzungusha pedali, na uliache gurudumu la mbele litangetange. Ukijaribu kulinyoosha kwa nguvu linajichimbia. Macho yatazame pale unapotaka kutokea. Kwenye kokoto huru, maliza kufunga breki kabla ya kona, kwa kuwa breki ya mbele ikishikwa ndani ya kona juu ya kokoto haitoi onyo la pili. Kuhusu mabasi: ukiliona wingu linakuja, toka barabarani, simama, geuza uso. Mawe yanayorushwa na tairi za basi hayana adabu, na dereva ndani ya lile vumbi hakuoni.

Sasa cheni, ambako ndiko ugomvi wangu na nusu ya mafundi ulipo.

Vumbi letu jekundu ni laini, lakini ndani yake mna punje za mchanga ngumu kuliko unavyodhani. Likichanganyika na mafuta linakuwa dawa ya kusagia chuma. Kwa hiyo kila tone la mafuta linalobaki nje ya cheni ni mtego wa vumbi. Mafuta yanahitajika ndani, kwenye pini na vile vijiringi vinavyoviringika. Fanya hivi: cheni ikiwa safi, dondosha tone moja kwenye kila kiringi, upande wa ndani wa cheni ya chini, zungusha pedali kinyumenyume kwa dakika moja, iache ikae, halafu ifute kwa kitambaa mpaka kitambaa kisitoke na weusi. Watu wengi hufanya hatua zote hizo isipokuwa ya mwisho, ambayo ndiyo yenye maana.

Usitumie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki. Najua ni ya bure na najua fundi anayo kwenye chupa ya soda. Imejaa chembe za chuma kutoka kwenye injini ile, na unazipeleka mahali pabaya kabisa. Grisi kwa nje nayo hapana. Oili ya cherehani ni nyepesi na haikai muda mrefu, lakini wakati wa kiangazi inafaa kuliko zote hizo ikiwa utakubali kuipaka mara kwa mara. Wenye subira watumie nta ya parafini. Cheni inasafishwa kwa petroli mpaka iwe kavu na ing'ae, petroli ipelekwe mbali kabisa na moto, kisha nta iyeyushwe kwenye kopo lililokalishwa ndani ya sufuria ya maji, si juu ya mkaa moja kwa moja, na cheni izamishwe humo. Ikipoa inakuwa kavu kwa kushikwa, na vumbi halina pa kushika. Mvua ikiipiga, kazi inaanza upya.

Cheni hata ikitunzwa inakwisha, na kuipima hakuhitaji duka la Ulaya. Chukua futi ya chuma ya seremala. Ndoano ya mwanzo wa futi huchezacheza, kwa hiyo anzia kwenye alama ya inchi moja. Vuta cheni ikaze, weka alama hiyo katikati ya pini yoyote, kisha hesabu pini 24 mbele. Kwa kuwa pini na pini zimeachana nusu inchi, ya 24 inapaswa kuangukia kwenye inchi 13 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni wiki hiyo. Ikizidi kwa moja ya nane, umechelewa: meno ya nyuma yameshajichonga kufuata cheni iliyochakaa, na ukifunga mpya itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Hapo utanunua vyote viwili.

Wakati wa kuifunga, usimruhusu fundi airudishe pini ya zamani kwa nyundo na msumari. Kwa baiskeli isiyo na gia huwa inapita. Cheni nyembamba ya gia tisa au kumi ikigongwa hivyo hukatika ukiwa umesimama kwenye pedali, na unajua goti lako litatua wapi. Nunua kile kiungo cha kufungulia kwa mkono kinacholingana na idadi ya gia zako.

Breki za raba zichunguzwe kila baada ya safari ya mvua. Punje za mchanga na vipande vya alumini hujichimbia kwenye raba na kuanza kuichonga rimu. Vichokoe kwa ncha ya kisu. Rimu nyingi zina mstari au kitundu kidogo pale breki inaposhika, na kikipotea rimu imekwisha. Isiyo na alama, iegemezee rula ubavuni uitazame kwenye mwanga: ukiona imebonyea katikati, iondoe. Rimu iliyolika hupasuka kwa msukumo wa upepo wake yenyewe, mara nyingi ikiwa imepata joto kwenye mteremko. Wenye breki za diski wao kazi yao kubwa ni kuzuia mafuta ya cheni yasifike kwenye diski.

Spoku zina siri moja ambayo wengi hawaiamini: hazikatiki kwa kukazwa sana bali kwa kulegea. Iliyolegea hukazika na kulegea kila gurudumu linapozunguka, na chuma huchoka pale inapojikunja kuingia kwenye habu. Kila mwezi shika spoku mbili mbili, uzibane kwa vidole, zunguka gurudumu zima. Unalinganisha za upande mmoja zenyewe kwa zenyewe, kwani nyuma, upande wa cheni, huwa zimekazwa zaidi kwa maumbile. Ukikuta moja imelegea, ikaze robo mzunguko, kisha tazama rimu inavyopita kati ya raba za breki. Ikikukatikia njiani, ifunge kwa jirani yake isije ikachanja chochote, legeza breki, uende taratibu.

Usukani: simama pembeni, shika breki ya mbele, weka vidole pale foku inapoingilia fremu, sukuma mbele na nyuma. Ukihisi kitu kinagonga, kaza kabla ya safari nyingine. Kisha nyanyua gurudumu la mbele uuzungushe usukani polepole. Ukihisi unanasa ukiwa umenyooka, gololi zimeshachimba vitako vyake, na hilo halirekebishwi kwa kukaza.

Habu za koni na gololi, ambazo baiskeli nyingi za mtumba bado zinazo, ni rafiki wa mtu wa rafu rodi kwa sababu zinafunguka. Zifungue baada ya masika. Gololi za mbele kwa kawaida ni 3/16 ya inchi, kumi kila upande. Za nyuma ni 1/4, tisa kila upande. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu, kwa sababu iliyo kubwa kidogo hubeba mzigo wa wenzake. Grisi ya beringi za magari inatosha kabisa. Ukirudisha, acha mchezo kidogo sana unaopotea ukifunga gurudumu kwenye fremu. Na baada ya kazi yote hiyo usiipeleke baiskeli kuoshwa kwa mashine ya presha. Maji yale hupita kwenye vizuizi vya vumbi na kuisukuma grisi nje. Ndoo, kitambaa na brashi kuukuu vinatosha.

Mtikisiko hulegeza kila kilichofungwa kwa skrubu. Kabla ya kuondoka, inyanyue baiskeli sentimita chache uiangushe: sauti ya kitu kinachocheza itakuambia pa kuanzia. Mfukoni beba tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, vipande vya plastiki vya kubandulia tairi, spana za aleni, na kipande cha tairi kuukuu cha ukubwa wa kidole cha kuweka ndani pale ubavu unapochanika.

Umebaki udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga na Kahama, ambao mvua ya nusu saa huugeuza kuwa gundi. Huu hauendeshwi. Unajaa kwenye foku, unajaa kwenye breki, gurudumu linasimama, na anayeendelea kukanyaga anavuta kibadilisha gia cha nyuma kikajipinda na kuingia kwenye spoku. Shuka mara tu uonapo tairi limevaa soksi ya tope, chokoa kwa kijiti, ibebe begani mpaka kwenye nyasi au kifusi. Kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika kibadilisha gia kwenye fremu kimetengenezwa kivunjike kwanza ili fremu ipone, na kila aina ya fremu ina umbo lake, kwa hiyo hukipati kwenye duka la mtaani. Agiza cha akiba mapema, kilinganishe na cha zamani tundu kwa tundu, na ukifunge chini ya kiti pamoja na skrubu zake.